Shajara ya tafi: kutoka lemani hadi kwenye mashine

Naiandika shajara hii kwa ajili ya wanafunzi watakaoingia maabara yetu baada ya hawa wa sasa, na kwa ajili yangu mwenyewe, maana siku hizi nasahau. Maabara ni chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia hori ya Tudor, hapa Mombasa, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na meza ambayo zamani ilikuwa ya kulia chakula. Kazi yangu ni kusoma jenomu, yaani kuziandika herufi zote za DNA ya kiumbe, kromosomu baada ya kromosomu. Nilianza na muhogo, nikaenda kwa mbuzi, nikarudi pwani kwa mikoko, sasa niko kwa samaki. Watu husema nimetangatanga. Ukweli ni kwamba nilifuata fedha za utafiti zilikokwenda, na fedha hazina makazi.

Jumatatu, 13 Januari 2025

Tumekata shauri: tafi. Kijana wangu (ni mwanafunzi wa uzamili, lakini kwangu ni kijana) alikuwa anamtaka pweza. Nikamwonyesha hesabu. Jenomu ya pweza iliyochapishwa 2015, ya yule wa California, ina herufi zipatazo bilioni 2.7, haiko mbali na ya binadamu. Kompyuta yetu ingelia. Tafi wa upande wa Asia waliokwisha kusomwa wako kwenye milioni 500 hivi, katika jozi 24 za kromosomu. Hiyo tunaiweza.

Tafi tunayemtaka ni Siganus sutor, huyu wa kwenye majani ya bahari, anayekaangwa kila pembe ya mji huu. Hapatikani ila magharibi mwa Bahari ya Hindi. Sababu yangu ni mafuta. Samaki wengi wa baharini hawawezi kujitengenezea omega-3 zile ndefu, huzipata kwa kula wenzao waliokwisha kuzipata. Tafi hula majani na mwani kutwa, kama mbuzi. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba ndugu yake mmoja, Siganus canaliculatus, anayageuza mwenyewe mafuta ya mimea kuwa yale marefu, tena kwa enzaimu (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Nataka kujua tafi wetu ana jeni ngapi za aina hiyo, na zimekaa wapi.

Ijumaa, 17 Januari

Kosa la kwanza, na ni langu. Kwa uvivu nilimtuma kijana akanunue tafi sokoni Mji wa Kale badala ya kwenda wenyewe ufukweni. Alileta samaki mzuri, macho maangavu, mashavu mekundu. Alikuwa mbichi kwa mapishi, hakuwa mbichi kwa kazi yetu. Samaki akishakufa, enzaimu zake mwenyewe huanza kuikatakata DNA, na barafu huzichelewesha tu.

Tulipoipitisha kwenye jeli, ambayo hupanga vipande vya DNA kwa urefu, virefu vikibaki juu, tulitarajia mstari mmoja mnene juu kabisa, chini kidogo ya kisima ambamo DNA hutiwa. Tukapata mkia mrefu, weupe uliotapakaa kuanzia juu hadi chini kama tui lililomwagika mezani.

Kijana akauliza, kwani vipande vifupi vina ubaya gani, mashine si zinavisoma? Zinavisoma. Nikamwambia achukue leso ya mama yake, kanga ile yenye maua ya duara mji mzima (ule uwanja wa katikati), aikatekate vipande vya ukubwa wa kucha, halafu ajaribu kuirudisha. Kila kipande kina ua, na maua yote ni mamoja. Jenomu imejaa maua ya namna hiyo, herufi zilezile zimerudiwa maelfu ya mara. Lakini ukipata kipande kirefu, kinachoanzia pindoni kikapita kwenye mji hadi kwenye jina la leso, hakuna ubishi tena kimetoka wapi. Akasema mama yake hatamruhusu kukata leso. Nikajua amenielewa.

Alhamisi, 30 Januari

Mwezi ni mchanga, na leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Tumefika bandari ya wavuvi ya Nyali saa mbili unusu asubuhi, maji yakiwa yanatoka kwa kasi. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mzee mmoja wa malema, ile mitego ya samaki ya kusuka, kupitia kamati yao ya ufukweni. Kibali tunacho, kimeandikwa jina la samaki, mahali na idadi.

Mzee alitutazama na masanduku yetu.

“Wataka damu ya samaki? Damu tu?”

“Damu, Mzee, na kipande kidogo cha ini.”

“Na nyama?”

“Nyama ni yako.”

“Basi chukua damu yote.”

Malema yake amesuka mwenyewe, kwa mianzi, matundu ya pembe sita, mawe mawili ya kulizamisha kila moja. Chambo ni mwani. Maji yalipokuwa ya kifuani alizama, akaibuka na lema la kwanza likiwa na tafi wanne na kichangu kimoja. Tukawaweka kwenye ndoo ya maji ya bahari, wakawa wanazunguka.

Hapa lazima niandike kwa urefu, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo vitabu vya maabara huiruka. Samaki analazwa kwenye kitambaa kilicholowa, macho yamefunikwa. Sindano inaingia chini ya mkia, nyuma tu ya pezi la chini, katikati, hadi iguse uti wa mgongo. Unairudisha nyuma nukta moja, unavuta polepole. Bomba lazima liwe limesuuzwa kwa dawa ya kuzuia damu isigande. Huhitaji nyingi. Chembe nyekundu za damu ya binadamu au ya mbuzi hazina kiini, kwa hiyo hazina DNA, na nilipokuwa kwa mbuzi nilitegemea zile nyeupe tu, nikihitaji damu ya kijiko kizima. Chembe nyekundu za samaki zina kiini kila moja. Tone moja ni hazina.

Samaki wa kwanza, T1, damu ilikuja lakini nilichelewa na ikaanza kuganda. Wa pili, T2, akajipinda. Tafi ana miba 13 mgongoni, 7 chini, na mapezi ya tumbo yana mwiba kila upande, na yote ina sumu. Mmoja ukaniingia kidole cha shahada. Sitaki kutia chumvi: nilikaa chini mchangani nikaona nyota saa tatu ya asubuhi. Maumivu yalipanda hadi kwapani.

“Maji moto! Maji moto!” mzee akapiga kelele, na mama karanga (mkaanga samaki) mmoja aliyekuwa akiwasha moto wake akaniletea karai. Nikatumbukiza mkono, maji ya moto kadiri ninavyoweza kuvumilia. Ni dawa ya kweli. Sumu ya tafi ni protini, na joto huivunja. Baada ya nusu saa nikawa mtu tena.

Kijana ndiye aliyemtoa damu samaki wa tatu, T3. Nilimsikia mzee akimwambia jambo, na kijana akiitikia “sawa, Mzee”, lakini akili yangu ilikuwa kwenye karai.

Tulipokuwa tunafunga masanduku mzee akaniuliza, “Na mimi katika hiyo kazi yenu napata nini?” Nikasema tutazungumza. Si jibu hilo.

Alhamisi, 6 Februari

Kutoa DNA. T1 haifai, imeganda yote. T2 ilikuwa tone dogo, tumeiweka kwenye friza. T3 ni safi kabisa, mkono wa kijana ni mwepesi kuliko wangu. Basi ni T3.

Mara ya kwanza tuliweka damu nyingi mno, tukapata kitu kama mlenda: ukiingiza pipeti kinapanda chote pamoja, ukiitoa kinarudi chote. Tukaanza upya na sehemu ndogo sana. Ncha za pipeti tunazikata kwa wembe ziwe na mdomo mpana, maana DNA ndefu ukiipitisha kwenye tundu jembamba inakatika. Hakuna kutikisa chupa. Unaipindua taratibu kama unayemlaza mtoto.

Nilikumbuka mikoko. Jani la mchu lina chumvi, mkandaa una rangi ile inayotumika kutilia ngozi, na zote mbili hung'ang'ania DNA. Unasaga jani kwenye kinu ndani ya nitrojeni baridi hadi liwe vumbi, unaosha, unaosha tena, na mwishowe unapata kitu chenye rangi ya chai ya mkandaa ambacho kila enzaimu inakikataa. Miezi mingapi nilipotezea pale! Na muhogo kabla ya hapo: enzi hizo tulisoma kwa njia ya Sanger, ile ya 1977, herufi mia saba au nane kwa mkupuo, tukishangilia. Ugonjwa wa michirizi kahawia unaoozesha mihogo ya pwani uliandikwa mara ya kwanza Amani, kule Tanga, mwaka 1936, na mimi nilikuwa nikiisoma mihogo kipande kwa kipande kama mtu anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo.

Damu ya T3 imetoa uwiano wa 1.8 kwenye kipimo cha usafi, ndio tunaoutaka, na mstari kwenye jeli umekaa juu. Kijana ameupiga picha, ameuweka kwenye simu kama picha ya mchumba.

Jumatatu, 24 Februari

Hakuna. Kisanduku cha seli za kusomea (si seli za mwili, ni vibao vidogo vinavyoingizwa kwenye mashine ya kusoma DNA) bado kimezuiliwa uwanja wa ndege, karatasi moja imekosekana. Seli hizo zinatakiwa zikae kwenye baridi ya friji. Nimepiga simu mara nne.

Ijumaa, 28 Februari

Kimefika. Mikoba ya barafu iliyomo ndani imekuwa ya vuguvugu. Seli moja imekufa, mbili zinapumua. Nimeandika barua ya malalamiko, nimeikunja, nimeiweka kwenye droo pamoja na zile nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani imeanza. Tumepanga kuwasha mashine baada ya tarawehe, kwa sababu mchana hakuna aliye na subira na kwa sababu usiku stima hutulia zaidi. Mashine ni MinION, inaenea kiganjani, inachomekwa kwenye kompyuta kama simu inayochajiwa. Ndani ya seli kuna utando, na kwenye utando vitundu 2048 vya protini. Umeme mdogo unapitishwa, uzi wa DNA unavutwa kwenye kitundu herufi 400 hivi kwa sekunde, na kila herufi inapopita umeme unayumba kwa namna yake. Kompyuta inayasoma mayumbo hayo. Kwa mtu aliyeanza na Sanger, bado ni kama mazingaombwe.

Saa nne unusu usiku vitundu vikaanza kuonekana vya kijani kibichi kwenye kioo, kimoja kimoja, halafu vingi. Kipande cha kwanza kirefu kilikuwa na herufi zaidi ya elfu themanini. Tuliitana tukitazame. Saa sita stima ikapotea mtaa mzima. Betri ya akiba ikashika, jenereta ya jengo ikanguruma, na tukabaki gizani tukitazama vile vitaa vya kijani vikiendelea. Hatukupumua hadi taa ziliporudi. Daku tumekula hapohapo, mkate wa mofa na samaki wa jana, mbali na meza ya kazi, nawaahidi.

Jumatano, 19 Machi

Kuunganisha vipande kumechukua siku mbili na ushei. Matokeo ni mazuri mno: vipande vichache, virefu, na jumla yake iko palepale kwenye ukubwa wa ndugu zake. Tulipotafuta zile jeni ambazo kila samaki mwenye mifupa anapaswa kuwa nazo, karibu zote zilikuwemo. Nilimpigia mke wangu simu, akaniambia hongera na nisisahau kuleta nazi.

Halafu, kwa kufuata utaratibu tu, nikachukua kile kipande cha herufi 648 cha jeni ya COI ambacho Paul Hebert alipendekeza mwaka 2003 kitumike kama alama ya kutambulisha aina za wanyama, nikakipeleka kwenye hifadhidata ya kimataifa ya DNA kikalinganishwe.

Si Siganus sutor. Ni Siganus luridus, tafi wa aina nyingine.

Nimerudia mara tatu. Nimemrudia pia T2 kwa ile damu kidogo iliyobaki: huyo ni sutor halali. T3 ndiye siye. Seli moja nzima na wiki sita, kwa samaki asiye wetu.

Alhamisi, 20 Machi

Kijana amekuja na daftari la ufukweni, kurasa zimevimba kwa maji ya chumvi. Ukurasa wa tarehe 30 Januari, chini kabisa, kwa penseli: *Mzee asema wa 3 si mwenzao, wa mwambani huyo.* Aliandika. Hakuna aliyesoma. Mimi ndiye niliyetakiwa kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa na mkono kwenye karai.

Kujitetea kidogo: tafi akitolewa majini hugeuka rangi, anaingia madoadoa kahawia kwa hofu, na hawa wawili kwa wakati huo hufanana. Lakini mzee alimtambua kwa kumtupia jicho, akiwa na maji yanamchuruzika usoni. Mimi ni mtu wa mimea niliyehamia baharini, na nilipaswa kuliheshimu jicho hilo kuliko lebo yangu. Nimekaa na mashine zinazosoma herufi milioni mia tano na nikashindwa na mtu aliyesema maneno machache.

Nimeandika hapa ili isifichwe. Utaratibu mpya: COI kwanza, siku ileile, kabla ya kugusa seli ya bei ghali. Na anayetoa samaki lemani ndiye anayetaja jina, nasi tunaandika anavyotamka.

Jumanne, 29 Aprili

Bamvua tena, lakini kusi imekwisha kuanza na mvua za masika hazina huruma. Mara mbili tumeahirisha. Leo mzee alikubali kutoka, akisema bahari “imekasirika kidogo tu”. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, hakuona chini, alilitafuta lema kwa miguu. Katika malema sita, tafi wawili.

Kabla ya sindano nilimwuliza, “Mzee, hawa ni nani?”

Akawashika mmoja mmoja, akawageuza. “Huyu wa majanini. Na huyu wa majanini. Ukitaka wa mwambani nambie, n'takuletea, hakuna haja ya kuniibia.”

Alikuwa ameshapata habari. Mji huu ni mdogo.

Tukakaa kwenye kivuli cha banda, na nikamjibu lile swali lake la Januari. Nilimweleza Itifaki ya Nagoya kama nilivyoweza: kwamba mataifa yalikubaliana 2010, ikaanza kutumika Oktoba 2014, kwamba mtu asichukue kiumbe cha watu akakitajirikia kimyakimya, lazima kuwe na ruhusa na makubaliano ya faida. Akauliza faida ipo? Nikasema kwa sasa hakuna hata senti. Jenomu tutaiweka wazi bure. Siku moja huenda mtu akatumia jeni za mafuta kufuga samaki wasiolishwa samaki wenzao, na hapo ndipo karatasi zetu zitakapokuwa na kazi, kwa sababu zinataja tafi alitoka Nyali. Akafikiri.

“Kwa hiyo mimi nangoja.”

“Sote tunangoja, Mzee.”

“Lakini wewe wangoja na mshahara.”

Sikuwa na la kusema. Tumekubaliana kamati ya ufukweni ilipwe kwa siku za kazi, kwa kiwango cha msaidizi wa utafiti, kuanzia leo na kurudi nyuma hadi Januari. Nilipaswa kuliweka hilo kwenye bajeti tangu mwanzo. Nimelitoa kwenye fungu la usafiri wa mikutano.

Jumanne, 6 Mei

COI ya wote wawili imetoka: sutor, sutor. Seli tuliyoitumia Machi tumeiosha kwa enzaimu inayokula DNA iliyobakia, vitundu kadhaa vimefufuka, na ile nyingine iliyobaki bado iko hai. Tunaanza usiku huu.

Ijumaa, 23 Mei

Jenomu ya tafi wa majanini ipo. Mahali pachache hapajaungana, hasa kwenye yale maua ya leso, na hatujazipanga kromosomu. Kwa hilo tutahitaji ini bichi na fedha ambazo sijazipata. Lakini jeni za mafuta tumeziona. Zimekaa pamoja kwenye kipande kimoja, moja nyuma ya nyingine, zimefanana kama ndugu. Kwa vipande vifupi vya zamani tungeziona kama jeni moja na tusingejua.

Na yule T3? Nilikuwa tayari kumfuta, kijana akanizuia. Luridus ni mmoja wa tafi wawili waliotoka Bahari ya Shamu kupitia Mfereji wa Suez, ule uliofunguliwa 1869, wakaingia Mediterania, na huko wameula mwani hadi miamba imebaki mitupu. Wanaowasoma kule wangependa sana kuwa na jenomu ya luridus wa huku kwetu, ambako hajavamia mtu. Tunayo, tena nzuri. Tatizo ni kwamba kibali chetu kinataja sutor peke yake. Kuichapisha bila ruhusa ni kufanya kilekile nilichomwambia mzee kuwa kimekatazwa. Leo nimejaza fomu ya kuomba jina la pili liongezwe, na kwenye nafasi ya maelezo nimeandika ukweli, pamoja na karai la maji moto.

Jumanne, 27 Mei

Mwezi umeandama, keshokutwa bamvua. Fomu bado haijajibiwa. Kijana amekwenda kununua glavu nene za bustani kwa fedha yake mwenyewe, jozi mbili, na moja ni saizi yangu.